Mpiga Gitaa Aliyeangalia Pembeni

Todmorden
6 Aprili 1992

Colin,

Kwa heshima na taadhima, na kwa moyo uliojaa fahari, natangaza kwamba kuanzia asubuhi ya leo sisi ni bidhaa ya rafu ya chini. Niliingia dukani kununua balbu, nikatuona tumejipanga: Brindle Moor, bendi nzima, filamu za nyimbo zetu zote kwenye mkanda mmoja wa video, za kutazama nyumbani huku miguu iko juu ya kiti. Kulia kwetu kuna mkanda wa mazoezi ya wenye magoti mabovu. Kushoto kuna mkanda wa kufundisha kuvua samaki wa mtoni. Nilisimama pale nikijitazama mpaka mwenye duka akaja kuniuliza kwa upole kama ni magoti.

Nimeutazama wote. Asante kwa kuwasumbua wale watu wa kampuni mpaka wakakubali; bila mdomo wako filamu zile zingeozea ghalani, na mdomo wako, hata maadui zako wanajua, hauchoki. Ni kazi nzuri. Nywele zangu zinaondoka filamu baada ya filamu kwa mpangilio mzuri, kama somo la shule. Wewe hubadiliki, na sijui unamlipa nani.

Ya kwanza ni ile tuliyopigwa picha kwenye kiwanda cha pamba. Sikuwa nimeiona tangu ilipotengenezwa. Dennis yumo, Colin. Nilizima mashine nikaenda kumwagilia mboga zangu za liki, ambazo zilikuwa zimekwisha kunyeshewa, ndipo nikarudi.

Nyuma ya boksi wameandika jina la kila mtu na kazi yake, hata Dennis wetu hawakumsahau. Wewe sauti, Roy gitaa, mimi besi, Dennis ngoma. Nimefurahi.

Wako,
Wilf


Hessle
21 Aprili 1992

Bwana Ackroyd,

Hunijui, na kama kampuni ya video imekuletea barua hii badala ya kuitupa pipani, basi naishukuru kampuni kwanza. Naitwa Gillian Marsden. Napokea wagonjwa kwa daktari wa meno, kwa hiyo nimezoea kuongea na watu wasioweza kujibu. Marsden ni jina la baba yangu wa kambo. Baba yangu mzazi ni Dennis Thorpe, mpiga ngoma wenu wa kwanza, yule aliyefariki kwenye ajali ya gari siku ya ukungu kabla mimi sijajua kusimama.

Sijawahi kumwona. Mama alipoolewa na Trevor aliona si adabu kuwa na mume mmoja mezani na mwingine ukutani, akampelekea bibi yangu picha zote. Bibi alipofariki, watu wa manispaa walikuja kusafisha nyumba, na wao Dennis hawamjui. Santuri yenu ya kwanza ninayo, lakini jaladani kuna kondoo tu. (Kwa nini kondoo?) Basi nimekua nikijua kwamba baba yangu alikuwa na mikono na vijiti vya kupigia ngoma, na zaidi ya hapo nijazie mwenyewe.

Wiki iliyopita mchumba wangu Kevin akaniletea mkanda wenu. Filamu ya kwanza tumeirudia mpaka Kevin akaomba tutazame japo habari za hali ya hewa. Nimemwona! Yuko kule nyuma, moshi hadi kifuani, nywele hadi machoni, anazichapa zile ngoma kama mtu anayekung'uta zulia la mama mkwe. Lakini ana uso mwema, Bwana Ackroyd. Hajidai. Karibu na mwisho anakosea, kijiti kinapita hewani, naye anacheka peke yake akidhani hakuna anayemwona. Kicheko hicho nimekijaribu mbele ya kioo. Kevin anaapa kidevu ni kilekile.

Yule mpiga gitaa simpendi, unisamehe kama ni rafiki yako. Wenzake wako kazini, yeye anaangalia pembeni wimbo mzima, kama mtu anayesubiri basi huku kashikishwa mwavuli usio wake. Tena anamziba baba yangu. Kila akipita mbele, mimi na Kevin tunamzomea.

Wewe nimekuona, mwenye besi, mrefu kama nguzo ya simu. Ila kwenye filamu ya pili unamfika mwimbaji wenu, Bwana Farrar, begani, na mpiga gitaa naye ghafla amerefuka. Sikuulizi. Nadhani ni mambo ya kamera.

Siombi kitu. Nilitaka tu kusema asante kwa kumhifadhi humo ndani miaka yote hii. Na kama unakumbuka jambo lolote juu yake, hata dogo, hata baya, niandikie.

Wako kwa shukrani,
Gillian Marsden


Todmorden
27 Aprili 1992

Colin,

Nimekuwekea nakala ya barua ya binti wa Dennis. Isome ukiwa umekaa.

Umemaliza? Sasa kumbuka siku ile kiwandani. Wimbo unatoka kwenye mashine ya kanda, sisi tunajifanya tunapiga, na hakuna chombo hata kimoja kilichochomekwa waya. Kila bendi iliyowahi kufanyiwa hivyo imewahi kubadilishana vyombo ili kumkomoa mwongozaji. Ilikuwa kama ibada ya kazi yetu, na siku ile ilikuwa zamu yetu. Dennis akachukua gitaa la Roy. Roy akachukua besi langu. Mimi nikasukumwa nyuma kwenye ngoma. Wewe ulibaki na maikrofoni, kwa sababu hata jengo lingeshika moto usingemwachia mtu. Na sote tulivyokuwa na nywele zile, mwongozaji hakugundua chochote mpaka filamu ilipokwisha kupelekwa kunakohusika.

Kwa hiyo mwenye uso mwema ni mimi. Hakuna mtu aliyewahi kuusifia uso huu, hata marehemu mama yangu alikuwa anauruka na kusifia viatu, na siku ulipopata sifa umezipata kwa jina la mtu mwingine. Nguzo ya simu ni Roy. Na anayezomewa kila jioni sebuleni Hessle ni Dennis, anazomewa na mwanawe wa kumzaa.

Barua nimeisoma tena na tena, na sikuwa nasoma tu kwa ajili ya Dennis. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Nifanye nini?

Wilf


Surrey
2 Mei 1992

Mpendwa Wilf,

Usifanye kitu. Mtoto ametafuta baba, amempata, amempenda. Ukimwambia ukweli utamnyang'anya mtu anayempenda umpe mtu anayemzomea. Biashara gani hiyo?

Jibu kwa upole, mweleze mambo mazuri ya Dennis, ambayo ni mengi, na ya filamu uyapite kwa mbali. Una uso wa kuazimisha, basi uazimishe.

Farasi wangu hawajambo. Tafadhali mwambie kondoo lilikuwa wazo la kampuni, halikuwa la kuficha pua ya mtu yeyote, hata yangu.

Wako daima,
Colin


Todmorden
8 Mei 1992

Gillian,

Barua yako ilifika. Asante. Sikujua kama ulikua ukawa mtu mwenye ulimi mkali namna hii. Baba yako angechekelea.

Unataka mambo madogo. Dennis alibeba vyombo vya wenzake kabla ya vyake. Kila nyumba ya wageni tuliyolala, baada ya kifungua kinywa alikuwa anapotea, ukimtafuta utamkuta jikoni kavaa aproni ya mama mwenye nyumba anaosha sahani zetu. Sisi tulimcheka. Kisha tukagundua kwamba tukirudi kwa mama yuleyule tunaongezewa yai, na mkate unakaangwa kwa mafuta ya nyama, na tukaacha kumcheka. Alipiga ngoma juu ya kila kitu: meza, usukani, mgongo wangu. Alifukuzwa kwenye mazishi ya shangazi yake kwa kupiga ngoma juu ya benchi la kanisa, na alikuwa hajui kama anapiga.

Mama yako alipokuwa na mimba yako, Dennis alinunua kigari cha mtoto mapema mno, miezi kabla ya wakati. Hakuvumilia kukiona kimekaa bure. Basi akawa anabebea ngoma zake. Tulifika kwenye kumbi za watu, mpiga ngoma anasukuma kigari cha mtoto, na mabibi wanainama kutazama ndani wanakuta toazi. Nawe ulipozaliwa, kile kigari kilikuwa kimekwisha zunguka kaskazini yote ya Uingereza.

Mambo ya filamu ni marefu, nitakuandikia siku nyingine. Yule mpiga gitaa usimzomee sana. Ana sababu zake.

Kondoo, naambiwa, lilikuwa wazo la kampuni.

Wako,
Wilf Ackroyd


Hessle
19 Mei 1992

Mpendwa Wilf (nimechoka na Bwana, na wewe umenipa kigari),

Sijui nikushukuru vipi. Nimemsomea Kevin habari za kigari, akacheka, kisha akaenda kuosha vyombo bila kuambiwa, jambo ambalo halijatokea tangu tujuane. Kwa hiyo Dennis Thorpe bado anafanya kazi.

Sasa sikiliza. Tunafunga ndoa Jumamosi tarehe 27 Juni, na baadaye chakula ukumbini nyuma ya kanisa, pai na maharage na keki ya shangazi yake Kevin, ambayo ni bora usiulize. Trevor atanisindikiza mimi, na ni haki yake, amenilea. Lakini pale mezani kwetu nimeacha kiti kimoja. Kevin atasimamisha mkanda pale baba anapocheka, aipige picha runinga, na mwenye duka la picha ameahidi kuikuza iwe na ukubwa wa dirisha la choo. Tutaitia fremu, tutaiweka kwenye kile kiti na kuifunika kitambaa.

Mama hajui. Nilipomletea mkanda alisema hana nafasi, akaanza kusafisha jiko lililokwisha kuwa safi. Tangu nizaliwe sijamsikia akisema jina la Dennis zaidi ya mara chache, tena kwa sauti ya mtu anayetaja mahali alipopotezea kitu. Nadhani amekaa miaka yote akiogopa kumwona. Nataka amwone siku njema, watu wamejaa, mimi niko kando yake. Kabla ya keki yeye mwenyewe ndiye atakayeondoa kitambaa.

Nawe uje, ukae kiti cha kando ya baba. Umekaa naye kwenye gari miaka mingi, utamzoea haraka.

Gillian


Todmorden
22 Mei 1992

Colin,

Nimealikwa arusini nikae kando ya picha yangu mwenyewe nikiwa marehemu.

Si hayo tu. Sheila wa Dennis ndiye atakayeondoa kitambaa, mbele ya ukumbi mzima. Mwanamke huyu ameogopa kuuona uso wa mumewe kwa miaka ishirini, atajikaza, atavuta kitambaa, na chini yake atanikuta mimi nacheka. Nakukumbusha kwamba Sheila hakuwahi kunipenda sana hata nilipokuwa nimekaa kwa jina langu.

Ulisema niazimishe uso. Nimeuazimisha mpaka umefika hapa. Sasa toa shauri lingine.

Wilf


Surrey
25 Mei 1992

Wilf,

Mwambie. Leo, kabla ya chakula cha mchana.

Nilikosea. Baada ya barua yako nilikaa nikautazama mkanda, na kwa mara ya kwanza sikujitazama mimi. Wimbo ule wote Dennis yuko hatua moja nyuma ya bega langu, na siku ile sikugeuka hata kidogo kumwangalia. Mtu kama huyo asizomewe tena.

Mwambie na kwa nini alitaka gitaa. Mimi niliambiwa baadaye. Wewe ulikuwepo alipoomba.

C.


Todmorden
26 Mei 1992

Gillian,

Barua hii isome ukiwa nyumbani, si pale kwa daktari wa meno.

Yule anayepiga ngoma kwenye filamu ya kwanza si baba yako. Ni mimi. Siku ile tulibadilishana vyombo, kwa utani wa kazi yetu ambao ningekueleza kwa kirefu kama ungekuwa na maana yoyote kwako leo. Mwenye besi ni Roy, ndiyo maana unaniona nimefupika; sijafupika, nilikuwa hivi tangu mwanzo. Boksi linasema ukweli juu ya kazi zetu, ila siku ile hakuna aliyekuwa kazini kwake. Uso uliousifu ni wangu, na naomba radhi, kwa sababu nilipojua nilinyamaza, na sehemu ya kunyamaza kwangu ilikuwa kwamba nilipenda kusifiwa.

Baba yako ni yule mwenye gitaa.

Usiiweke barua chini, bado. Nataka nikueleze kwa nini alilishika.

Mpiga ngoma haonekani. Watu wanaona nywele zake na matoazi. Mama yako alikuwa anakuja ukumbini akisimama mbele kabisa, na bado alikuwa anaona kichwa tu. Siku ya filamu, asubuhi tukinywa chai nje ya kiwanda, Dennis alimwambia Roy: "Niachie gitaa leo, kaka. Sheila anakuja na treni, na hajawahi kuniona mzima hata siku moja." Roy akamwambia hajui hata kulishika. Dennis akasema halina waya, litamlalamikia nani? Sisi wengine tukadandia hapo kwa ajili ya utani. Yeye hakuwa anatania.

Mama yako alikuwa na wewe tumboni, umekwisha kuwa mkubwa, na ile ilikuwa safari yake ya mwisho kabla hujazaliwa. Mlango wa kiwanda ulikuwa upande wa kushoto, nyuma ya taa. Pale nyuma nilipokaa, taa zilikuwa zinanipiga machoni, sikuweza kuona kitu upande ule. Sheila sikumwona. Lakini nilimwona Dennis akimwona. Mwongozaji alimfokea aangalie kamera, akasema sawa, akaangalia kamera kidogo kama mtu anayelipa kodi, kisha macho yakarudi palepale. Wimbo mzima. Tulirudia asubuhi hadi jioni, na kila tulipoanza upya alianza upya kuangalia mlangoni.

Ule si uso wa mtu aliyechoshwa, Gillian. Angalia tena. Unasema ni kama mtu anayesubiri basi. Ni mtu ambaye mkewe na mwanawe wamesimama pale anapoangalia. Ulimzomea kwa kuangalia pembeni, na pembeni palikuwa na wewe.

Basi. Arusini sitakuja kama hutaki nije.

Wilf


Todmorden
12 Juni 1992

Gillian,

Sijapata jibu, na sikulaumu. Naandika kuhusu suti tu. Nimeitoa kwa dobi, inaning'inia mlangoni, jirani anadhani nina kesi mahakamani. Kama haihitajiki nitairudisha kabatini, wala usijisumbue kueleza.

Kama utamwambia mama yako habari hizi kabla, au kama kitambaa kitaachwa kabisa, uamuzi wako ni mzuri, wowote utakaokuwa.

Wilf


Hessle
17 Juni 1992

Wilf,

Njoo na suti. Kiti ni kilekile, picha si ileile.

Siwezi kuandika zaidi, keki ya shangazi yake Kevin imeanguka.

G.


Hessle
11 Julai 1992

Mpendwa Wilf,

Tumerudi kutoka fungate Whitby, mvua tupu, tumekula samaki na chipsi ndani ya gari kila siku na sijawahi kufurahi hivyo. Sasa naitwa Gillian Ibbotson. Nimekwisha badilisha majina mengi kuliko mtu anayekimbia polisi.

Kwanza nikueleze zile wiki nilizonyamaza, kwa sababu pale ukumbini hukuuliza, na nakushukuru. Siku niliyoisoma barua yako nilikasirika. Nilikuwa nimeshampenda yule mtu wa nyuma, Wilf. Nilikuwa nimeshamwambia mambo. Ukaja na barua ukamwondoa, ukaniachia yule mwenye mwavuli. Sikuugusa mkanda. Kevin naye akawa anapita mbele ya runinga kwa adabu, kama kuna mgonjwa.

Kisha Jumapili moja Kevin alikwenda mpirani, nikaweka mkanda, nikafunika upande wa ngoma kwa gazeti, samahani, nikamtazama mwenye gitaa peke yake. Mwanzoni ni aibu tupu. Kwa kweli hajui kulishika. Mkono wa kushoto unasafiri kwenda huku, wimbo unakwenda kule. Lakini nikaacha kutazama mikono. Kuna mahali Bwana Farrar ananyanyua mkono wake, unamficha, nao ukishuka baba yangu bado anaangalia palepale, macho hayajahama hata kidogo, na nyusi zimepanda. Mimi nina nyusi zile. Zinapanda hivyo mtu akigonga mlango. Hakuna haja ya kioo, wagonjwa wote wa Hessle wanazijua.

Nikaondoa gazeti nikamwomba radhi. Kwa sauti, mbele ya runinga. Kevin akaingia katikati, akatoka tena.

Ya ukumbini uliyaona, lakini hukusikia, kwa sababu ulikuwa unajifanya unakata pai. Mama alipoondoa kitambaa aliinama akaitazama picha kwa karibu, mimi nikajuta kuzaliwa. Kisha akasema taratibu, kama vile mtu amekosea kupanga vikombe, "Nani kampa gitaa?" Akaketi, akaisogeza ile fremu kidogo ili isipigwe na jua, akala pai yake yote. Trevor akaniuliza pembeni kama Mama yuko sawa. Nikamwambia mwangalie, anakula maharage.

Na ulipoondoka kuwahi treni, alikufuata mlangoni, hilo unalijua. Hukuniambia alikwambia nini, naye haniambii. Alirudi kafuta rangi ya midomo, akasema umenenepa.

Jana amekuja nyumbani, akaomba mwenyewe tuweke mkanda. Trevor alikuja naye. Tumekaa wanne kwenye kochi la watu watatu. Mama ameitazama filamu ile akiwa na mkoba mapajani, tayari kwa kuondoka, na hakuondoka. Alisema shati lile alimkataza kuvaa. Alisema mpiga ngoma ana uso mzuri, ni nani yule, nikamwambia, akasema hapana, haiwezekani. Trevor aliuliza Dennis ni yupi. Mama akamwonyesha kwa kidole. Trevor akatazama kwa makini, kama anavyotazama gari kabla ya kununua, akasema, "Kijana safi." Kisha akaenda kuchemsha chai, akarudi na vikombe vya wote, akauliza kama tunaweza kuirudia, maana alikuwa jikoni.

Nilitaka ulijue hilo kuliko yote. Kwamba sasa nyumbani kwetu mtu anaweza kusema Dennis na mwingine akasema sukari ngapi.

Basi asante. Asante kwa kigari na kwa yai la nyongeza. Asante kwa kuniambia, na asante hata kwa kuchelewa kuniambia, kwa sababu nilikuwa na baba wawili kwa muda, na si wengi wanaopata bahati hiyo. Mfikishie Bwana Farrar shukrani zangu pia, na umwambie Mama anasema alikuwa na pua nzuri sana zamani. Uso wako bado ni mwema. Nimeuhamishia tu mahali pake: kwa rafiki wa baba yangu. Njoo Krismasi, Kevin atakuonyesha anavyoosha sahani.

Wako,
Gillian

Nilisahau. Nilimuuliza Mama alisimama upande gani pale kiwandani, ili nijue na mimi nilikuwa wapi. Anasema hakufika. Alikosa treni, akarudi nyumbani akafua mapazia.